Mlinzi na Mpelelezi: Mipaka ya Kuangaliana Katika Nyumba

Hapana mzazi mwema asiyemwangalia mwanawe, wala mume mwema asiyeuliza hali ya mkewe, wala mtoto mwema asiyetaka kujua kama mama yake mzee amekula na amelala salama. Kuangaliana ni sehemu ya mapenzi, na asiyemwangalia mtu wake huambiwa kuwa amemtupa. Lakini ndani ya neno hili moja la kuangalia yamo mambo mawili yasiyofanana, ijapokuwa kwa nje yana sura moja. La kwanza ni kulinda, na la pili ni kupeleleza. Mlinzi husimama mlangoni, anaonekana, na yule anayelindwa ajua kuwa analindwa. Mpelelezi husimama nyuma ya pazia, hataki kuonekana, na yule anayepelelezwa hajui neno. Mlinzi ataka mtu wake asalimike, na mpelelezi ataka mtu wake apatikane na kosa.

Jambo hili si geni duniani, ila zama zetu zimelipa nguvu lisilokuwa nayo zamani. Leo mzazi aliyeko Tanga aweza kuona katika simu yake mtaa aliopo mwanawe Dar es Salaam. Mtu aweza kuichukua simu ya mwenziwe dakika chache tu, akaunganisha mazungumzo yake ya WhatsApp na chombo kingine, na tangu siku ile akawa anasoma kila analoandikiwa. Kamera ndogo huwekwa juu ya kabati, na mwenye nyumba akatazama sebule yake akiwa kazini.

Mwaka 2021 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kifaa kiitwacho AirTag, kidogo kama sarafu, ili mtu aliyepoteza funguo zake azipate. Haukupita muda mrefu ila walionekana watu wanaokitia kifaa hicho katika mikoba na magari ya wengine ili wawafuate kila waendako. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Mei 2024 Apple na Google zilitangaza mpango mmoja, ili simu ya mtu imwonye kila kinapomfuata kifaa asichokijua. Na mwezi wa Septemba 2021 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliipiga marufuku kampuni iliyoitwa SpyFone isifanye tena biashara ya upelelezi, kwa kuwa programu yake ilikuwa ikikusanya kwa siri habari za watu kutoka katika simu zao. Basi tazama jinsi chombo kilekile kitafutacho funguo kinavyoweza kumwinda mtu. Chombo hakina nia. Mwenye nia ni mkono unaokishika.

Hodi ni sheria, si ada tu

Wazee wetu wa pwani waliijua thamani ya sitara kabla ya simu na kamera. Mwenye kuzitazama nyumba za mawe za Lamu ataona kwamba mlango wa nje haukuelekezwa moja kwa moja ndani. Mgeni hukutana kwanza na daka, kisha tekani, na njia ikapinda kabla hajafika kwenye kiwanda, hata mpita njia asiweze kuona walio ndani ijapokuwa mlango u wazi. Mgeni wa kiume alikuwa na chumba chake, sabule, asilazimike kupita penye watu wa nyumba. Mafundi wale waliijenga heshima kwa chokaa na mawe. Na wazee husema kuwa macho hayana pazia, maana yake ni kuwa jicho lenyewe halijui kujizuia, basi yapasa mwenye jicho alizuie.

Ada yetu ya kupiga hodi asili yake ni dini. Katika Sura ya An-Nur, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu waliomo, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Kisha katika Sura hiyohiyo akaingia ndani ya nyumba yenyewe, akataja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wasiobaleghe ni lazima waombe ruhusa kabla ya kuwaingilia wakubwa wao: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Nao wakibaleghe, huomba ruhusa kila wakati. Yazingatieni haya, ndugu zangu. Hawa si wageni wala majirani. Ni watu wa nyumba moja, wanaokula chungu kimoja, na juu ya hayo kila mmoja amewekewa sitara yake.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama ni lazima aombe ruhusa anapomwingilia mama yake. Akaambiwa ndiyo. Yule mtu akasema kuwa yeye akaa naye nyumba moja. Akaambiwa aombe ruhusa. Akasema kuwa yeye ndiye anayemtumikia. Akaambiwa vilevile aombe ruhusa, kisha akaulizwa kama angependa kumwona mama yake akiwa uchi. Hadithi hii yatosha kuuvunja udhuru mkubwa wa wapelelezi wa nyumbani. Yule mtu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto anayemhudumia mama yake, akadhani ya kuwa huduma yake imemwondolea wajibu wa kubisha hodi. Akafundishwa kwamba huduma haiondoi heshima, bali yaizidisha, kwa kuwa anayehudumiwa ndiye mwenye mengi ya kusitiriwa.

Tena imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ya chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na kitana mkononi. Akamwambia kuwa lau angalijua kwamba anamchungulia, angalimchoma jicho kwa kitana kile, na kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Basi ikiwa sababu ya hodi ni jicho, leo jicho halihitaji mlango wala tundu. Lapita katika kioo cha simu. Mwenye kuyafungua mazungumzo ya mtu bila ya idhini yake ameingia nyumbani mwake bila ya hodi, ijapokuwa amekaa kitini mwake.

Ama katika Sura ya Al-Hujurat, Mwenyezi Mungu ametukataza mambo matatu kwa mfuatano: dhana mbaya, upelelezi, na kusengenyana. Mfuatano huu una hikima. Mtu huanza kwa kudhani, dhana ikimwasha hupeleleza, na akipata neno hawezi kukaa nalo, hulitoa nje. Na mara ngapi tumeona siri ya kijana iliyosomwa na mzazi usiku ikawa mazungumzo ya shangazi na jirani asubuhi!

Hoja ya mzazi mwenye khofu

Huenda mzazi akasema, "Maneno haya ni mazuri, lakini mimi nina binti wa miaka kumi na mitatu, na ulimwengu uliomo ndani ya simu yake umejaa mbwa mwitu. Je, nikae nimsubiri aliwe?" Hoja hii si ya kudharauliwa. Utafiti uliofanywa Kenya na Tanzania kwa ushirikiano wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ambao ripoti zake zilitolewa mwaka 2021 na 2022, ulionyesha kwamba wako watoto wetu wanaochezewa na kudhulumiwa kupitia intaneti, na kwamba mara nyingi mwovu si mgeni wa mbali bali ni mtu ambaye mtoto amjua. Tena wengi katika watoto hao hawakumwambia mtu yeyote.

Hapo ndipo penye fundo la jambo zima: hawakumwambia mtu. Mzazi mwenye khofu hufikiri kwamba dawa ya mtoto asiyesema ni kumsoma kwa siri. Lakini tujiulize kwa nini hasemi. Mara nyingi hasemi kwa kuwa akisema atapigwa, au atanyang'anywa simu, au ataaibishwa mbele ya watu. Na akija kugundua kuwa mama yake alikuwa akimsoma miezi sita huku akimchekea mezani, je, ataanza kusema? La. Atajifunza kuficha vizuri zaidi. Atafungua jina la pili, ataazima simu ya rafiki yake, na lile neno ambalo mzazi alihitaji kulisikia kuliko yote litakwenda kwa mtu mwingine.

Mwaka 2000 wataalamu wawili, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walitangaza utafiti wao juu ya vijana 703 wa miaka 14 katika sehemu ya kati ya Sweden, pamoja na wazazi wao. Waliuliza, wazazi wanaojua mengi juu ya watoto wao huyajua kwa njia gani? Watu walikuwa wakiamini kuwa ni kwa kufuatilia na kudhibiti. Wakaona kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa wazazi ilitokana na watoto kusema wenyewe kwa hiari yao. Sweden si Mombasa wala Unguja, lakini mwenye kulea mtoto popote aujua ukweli huu: habari iliyo bora ni ile iletwayo na mtoto mwenyewe, akakaa karibu nawe jikoni, akasema, "Mama, kuna mtu ananiandikia maneno siyapendi."

Tumtazame Nabii Yaaqub (a.s.), maana hapana mzazi aliyekuwa na sababu ya khofu kuliko yeye. Wanawe walimwomba Yusuf akacheze nao, naye akawaambia wazi khofu yake ya mbwa mwitu. Wakamchukua, na Yusuf hakurudi. Baada ya miaka mingi wakaja kumwomba ndugu yake Yusuf waende naye Misri kutafuta chakula. Je, Yaaqub alifanya nini? Aliwakumbusha bila ya kuficha kuwa amani yao ya kwanza waliivunja. Akachukua kwao ahadi kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa watamrudisha, ila wakizungukwa wasiweze. Akawapa shauri la njia, waingie kwa milango mbalimbali, wasiingie kwa mlango mmoja. Kisha akakiri kwamba yeye hawezi kuwazuilia lolote alilolikadiria Mungu, na kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mbora wa kulinda. Huu ndio ulinzi uliokamilika: khofu iliyosemwa wazi, ahadi, shauri, na tawakkul. Haikutajwa kuwa alimtuma mtu nyuma yao kuwavizia.

Lini yaruhusiwa kuchungua?

Wala isidhaniwe kuwa sitara ni ngao ya kila uovu. Al-Mawardi, kadhi na mwanachuoni mkubwa aliyekufa mwaka 1058, aliulizwa na zama zake swali kama letu kuhusu msimamizi wa mji. Akasema katika kitabu chake cha hukumu za utawala kwamba hana haki ya kupeleleza yaliyofichwa, ila anapoarifiwa na mtu mkweli kuwa mtu amejitenga na mwingine ili amwue, au na mwanamke ili amvunjie heshima yake. Hapo aruhusiwa kuchungua upesi, kwa kuchelea jambo litakalopita na lisiweze kurudishwa.

Katika maneno haya tunapata vipimo vitatu vinavyotufaa nyumbani. Cha kwanza, iwepo dalili ya kweli, si wasiwasi wa moyo wala maneno ya jirani. Cha pili, hatari iwe kubwa, ya kutorudishika, si kosa dogo la ujana. Cha tatu, uchunguzi uishie palepale penye hatari, usiwe desturi ya kila usiku. Mzazi aliyeona dalili kuwa mtu mzima amtisha mwanawe kwa picha, au kuwa kijana ataka kujidhuru nafsi yake, huyo akiitazama simu hakupeleleza, ameokoa. Lakini akisha kuokoa, amwambie mwanawe wazi alilolifanya na sababu yake.

Ama kwa siku za kawaida, ulinzi ufuate umri. Qur-ani imetupa mfano katika mali ya mayatima: mlezi ameamrishwa kuwajaribu, na akiona kwao uongofu wa akili awakabidhi mali yao. Hakuambiwa aishike milele, wala hakuambiwa aitupe mikononi mwa mtoto. Vivyo hivyo kwa simu. Mtoto wa miaka minane hana haja ya simu yake peke yake, na atumie ya nyumbani, sebuleni, mbele ya watu. Wa miaka kumi na miwili apewe kwa masharti yanayojulikana: mzazi atazame mbele yake, na usiku simu ilale nje ya chumba. Wa miaka kumi na sita aulizwe tu aendako na arudi saa ngapi, na kama familia imekubaliana kuonyeshana mahali walipo, basi baba naye aonyeshe alipo. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hukunjwa ili akauke katika umbo jema, si ili ashikwe mkononi maisha yake yote.

Mume, mke, wazee na watumishi

Kati ya mume na mke jambo ni zito zaidi, kwa maana hapo hapana mtoto na mlezi, bali wako watu wawili wazima waliofungamana kwa amana. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu kuwarudia watu wake usiku kwa ghafula ili awashuku khiyana au atafute makosa yao. Ikiwa aliyerudi kutoka safarini amekatazwa kuingia nyumbani mwake kwa ghafula kwa nia hiyo, ni vipi atakayemtegea mkewe kifaa katika mkoba wake? Na mke anayeichukua simu ya mumewe akiwa usingizini naye ajue kuwa hukumu ni moja. Mwenye shaka na aulize, na mwenye kuulizwa aeleze bila ya ghadhabu. Mtume mwenyewe (s.a.w.), alipokuwa akitembea usiku na mkewe Bibi Safiyya wakapita watu wawili, aliwasimamisha akawaeleza kuwa yule ni Safiyya. Aliiondoa shaka kabla haijaulizwa. Basi wajibu una pande mbili: mmoja asipeleleze, na mwenziwe asifanye mambo ya kuzaa shaka. Ama mume anayedai kila neno la siri la mkewe, akamhesabia dakika za njiani na kumkataza jamaa zake, huyo asiite jambo hilo wivu wa mapenzi. Hiyo ni jela, na tofauti yake na jela ya serikali ni kuwa haina siku ya kutoka.

Wazee wetu nao wamekuwa wakiwekewa kamera, khasa na watoto walio mbali, Muscat au London au Toronto, wanaotaka kujua kama baba ameanguka au amekunywa dawa. Nia ni njema, na kwa mzee aliyeanza kusahau njia ya nyumbani, kifaa cha kuonyesha alipo chaweza kuwa ndicho kilichomwokoa. Lakini Qur-ani imetuamrisha tuwainamishie wazazi wetu bawa la unyenyekevu, na mnyenyekevu huuliza. Na aulizwe mapema, angali na akili zake: je, aridhia? Iwekwe wapi? Nani atakayetazama? Isiwekwe chooni wala chumba cha kulala, wala picha zake zisipelekwe katika kundi la ukoo zikachekwa. Mtu hakuwa mtoto kwa kuwa mikono yake yatetemeka. Na kamera haimpi mzee maji ya kunywa. Atakayempa ni mtu aliyekaa naye.

Wala tusimsahau binti wa watu aliyekuja kutusaidia kazi. Mwenye nyumba ana haki ya kumlinda mtoto wake mchanga, na kamera ya sebuleni si haramu maadamu yaya ameambiwa siku ya kwanza kuwa ipo. Lakini kumtegea anapolala au anapooga ni dhambi na ni khiyana. Kumnyang'anya simu na kitambulisho chake ni dhuluma. Nchi ya Kuwait, ambako wamekwenda wengi wa dada zetu kutafuta riziki, iliandika katika sheria yake ya mwaka 2015 kwamba mwajiri haruhusiwi kuizuia pasi ya mtumishi wa nyumbani. Tunapolalamika juu ya yanayowapata huko, tutazame kwanza yanayowapata hapa.

Sheria za nchi zetu nazo zimeelekea upande huohuo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imeilinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ina kifungu cha 16 kwa jambo hilohilo, na mwaka 2022 nchi hiyo ikatunga sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Mtu na ajiulize

Kabla hajanyoosha mkono kwenye simu ya mwenziwe, Muislamu na ajiulize maswali manne. Je, ninaweza kumwambia mwenyewe kwamba ninafanya hivi? Kama siwezi, ni kwa nini? Je, nimeanza kwa kumwuliza? Je, nikipata nilichokitafuta, nitamsaidia au nitamshinda? Na je, lini nitaacha? Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho hakuianza kazi ya ulinzi. Ameingia katika maradhi, na kila anachokiona kitamtaka aone zaidi.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Muawiya kwamba Mtume (s.a.w.) alisema kuwa ukizifuatia aibu za watu utawaharibu, au utakaribia kuwaharibu. Zingatieni kuwa hakusema utawagundua walioharibika. Kufuatia kwenyewe ndiko kuharibu. Kijana anayetazamwa na jicho la mtu usiku na mchana hujifunza kumwogopa mtu, na siku jicho lile likifumbwa hubaki bila ya mlinzi. Bali kijana aliyefundishwa kuwa Mwenyezi Mungu amwona, na kuwa wazazi wake wamemwamini, huyo amechukua mlinzi wake kifuani, na huenda naye pasipofika simu wala kamera.

Basi, enyi wazazi, jengeni nyumba ambazo mtoto aweza kukiri kosa lake na akalala salama. Nanyi vijana, msiifanye sitara mliyopewa kuwa pango la kufichia madhambi, kwani amana huvunjika kutoka pande zote mbili. Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu, awahifadhi watoto wetu katika hatari tunazozijua na tusizozijua, na atujaalie tuwe walinzi wa watu wetu, wala asitujaalie kuwa wapelelezi wao. Amin.